Moto Uliozimwa Watu Hawajala

Kericho, Jumamosi jioni

Kwa kaka yangu Marwa, Kerende.

Shikamoo kaka. Mama anaendeleaje na ule mguu? Ng'ombe wanapata majani? Mimi ni mzima, ila baridi ya huku kwenye chai inanibana kifua kila asubuhi. Basi, salamu nimetoa. Leo nina hasira na wewe, na sitaizungusha.

Saa saba mnyapara alipiga kengele, tukatua vikapu, tukapewa posho ya wiki. Katikati ya wiki nilishikwa na homa, na Otieno, Mjaluo ninayelala naye chumba kimoja, akawa anachuma chai yake halafu anachuma na yangu, nisije nikaandikwa mtoro. Kwa hiyo leo nilinunua matumbo, nikampikia, nikasonga na ugali wa wimbi. Mwita, yule mtoto wa jirani yetu, aliyefika huku juzi kutafuta kazi, alikuwa anakula nasi. Akasema, "Afadhali wewe, Chacha. Unajua kumlisha mtu aliyekufanyia kazi." Nikamwuliza ana maana gani. Alijaribu kukwepa, nikambana, akaniambia yote mbele ya Otieno. Niliona aibu kaka.

Mimi ndiye niliyekuomba uite risaga, majirani waje kumlimia Bhoke mke wangu, kwa kuwa mimi niko mbali. Wakaja. Walilima tangu Jumatano mpaka Ijumaa, wakateremka na shamba mpaka kule chini mtoni. Pombe hukuwapikia kwa sababu umeokoka, umekuwa Msabato. Sawa! Hakuna aliyenuna, maana uliwaahidi mbuzi. Sasa watu wameweka majembe chini, wamenawa, wanangoja chakula, wewe unasimama kuwahubiria habari za shukrani! Na mbuzi bado anatafuna majani! Ulishukuru na kushukuru mpaka jua likainama. Nyama imeingia chunguni haijabadilika hata rangi, jua likazama, ukasema Sabato imeingia, moto hauchochewi tena. Ukaumwagia maji. "Rudini Jumapili." Alaa! Mtu ameshinda na jembe mkononi, unamwambia akale keshokutwa?

Hata togwa, kaka? Hata togwa lisilolevya lilikushinda?

Na usinijibu kwamba ni dini. Mwita anasema mwinjilisti wenu mwenyewe alikwambia, "Waache watu wale, Mungu anaona walivyochoka." Ukamwambia imani yake imelegea. Hicho ni kiburi, kaka. Ulitaka wakuone ulivyo mtakatifu, na uliutafuta utakatifu huo kwa matumbo ya watu wengine. Jumapili hakurudi hata mmoja. Nyama mkaila wenyewe, na sijui ilipitaje kooni.

Sasa sikiliza kilichotokea baadaye, nacho nimekisikia kwa Mwita, maana Bhoke hakutaka kuniandikia. Nyumba yake inavuja. Nyasi amezikata, zimelundikwa uani, na masika ndiyo hayo yanakuja. Alipita kuomba wanaume wa kumwezekea. Hakuna aliyemtukana. Huyu anaumwa mgongo, yule anakwenda Tarime, mwingine ng'ombe wake amepotea. Kijiji kizima kimepata shughuli siku moja! Kwetu mwanamke hapandi paa, unajua. Mvua ikinyesha, wanangu watakesha wamesimama pembeni ya ukuta, na kosa si lao wala si la mama yao. Nami siwezi kuja kabla mkataba haujaisha.

Kwa hiyo, pamoja na kwamba wewe ni mkubwa wangu na sina haki ya kukutuma, nakutuma. Yuko beberu wangu mwekundu, yule mwenye pembe moja. Mchinje siku ya kazi, asubuhi, jua likiwa bado jipya. Uwaite wote waliolima. Uwanawishe mikono wewe mwenyewe, si mke wako wala si Bhoke. Sala iwe fupi. Wakishashiba, ndipo umtaje Bhoke na paa lake.

Nisalimie mama, mwambie blanketi lake nitampa mtu wa kwanza anayerudi huko amletee. Nisalimie shemeji yangu, mkeo, najua alikusihi uuache moto, Mwita ameniambia. Bhoke na watoto wasalimie kwa upole, usiwaonyeshe barua hii.

Na wote walioshika jembe siku zile, wasalimie. Salamu hizo usimpe mtu akupelekee. Nenda nazo kwa miguu yako, boma kwa boma, umwambie kila mmoja Chacha anamshukuru. Utafika kwao wakati wa chakula, watakukaribisha. Kula, kaka. Wao hawatakuzimia moto.

Mimi mdogo wako,
Chacha