Kabla Injini Haijafunguliwa

Mjukuu wangu Keza,

Hapa Gisenyi hatujambo, na goti la bibi yako limepoa. Unasema gari lako kuukuu linagonga na fundi anataka kufungua injini. Ngoja kwanza.

Ujanani gari langu lilianza kugonga siku ileile nilipotoka kwa fundi wa Mahoko. Nikamshuku kwamba kalegeza kitu makusudi ili nirudi. Nikamtukana mbele ya wateja wake. Akachukua bisibisi ndefu, ncha akaigusisha injini, mpini akautia sikioni.

"Moteri iko muzima," akasema, akaenda kufungua buti. Jeki ndiyo iliyokuwa ikirukaruka humo nikiendesha. Niliitupa mwenyewe bila kuifunga.

Mshuku fundi wako, sikukatazi, lakini anzia kwenye buti. Wangu hadi leo tukikutana sokoni hanisalimu kwanza. Huuliza, "Jeki iko muzima?"

Babu yako