Mayai ya Keki na Moto wa Bibi Mwanahamisi

Jumatatu, bado siku mbili Krismasi. Mawingu yametanda, kuni mbichi, na mimi nimeamka nimenuna.

Yai jingine limepotea.

Mayai ya keki nayaweka jikoni, kwenye kikapu cha pumba nyuma ya mtungi. Juzi yalikuwa manane, jana saba, leo sita. Kila moja nimelitia alama ya mkaa, kwa hiyo sijakosea. Watoto nimewahoji mpaka mdogo akalia. Na mlangoni analala Popo, mbwa wetu, anayembwekea hata katibu wa kijiji.

Asiyebwekewa ni mmoja tu, jirani yangu Bibi Mwanahamisi. Viberiti dukani hakuna, basi kila asubuhi huja na kigae chake kuchukua kaa la moto. Wiki hii anakuja hata mara mbili kwa siku, na kila akija anauliza keki nitaipika lini. Yeye ni Mwislamu. Keki yangu inamhusu nini?

Leo kabla hajafika nikaufukia moto kwa majivu.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Moto upo?"

"Umezimika."

Nasema hivyo huku moshi unatoka paani. Akautazama, akaondoka na kigae kitupu.

Kwenye foleni ya duka la ushirika nilimkuta yuko mbele yangu. Alipata sukari yake akanipita bila kuniangalia. Nikasema moyoni, mwizi huyo, anaona haya. Nilipofika mimi sukari ikawa imekwisha. Unga wa ngano nimepata, lakini watoto nimewaahidi keki tangu mavuno, na keki bila sukari ni mkate tu.

Mchana narudi, namkuta Popo nyuma ya mtungi, pua imejaa kiini cha yai, ganda lenye alama yangu liko miguuni pake. Mlinzi wangu huyo! Niliinua mwiko nimchape, kisha nikauweka chini, nikakaa. Nilijiona mbaya kweli.

Jioni hii Bibi Mwanahamisi amekuja bila kigae. Amenipa sukari yake yote, bado imefungwa kwenye gazeti.

"Nilikuwa nauliza siku ya keki ili nisichelewe kukuletea sukari," amesema. "Wapikie watoto. Kipande changu usisahau."

Nami, Mungu anisamehe, wazo langu la kwanza lilikuwa: huyu mama anataka nini?

Hakutaka kitu. Hata moto hakuomba.

Nimechungulia kwake sasa hivi. Paa lake halijatoa moshi tangu asubuhi, na mimi najua sababu.

Nafunga daftari nimpelekee kaa la moto kabla giza halijaingia. Akiniuliza moto umewaka saa ngapi, nitamjibu nini?