Kijiti cha Maritha

Mama yangu,

Huku tuko wazima. Mpunga umekubali mwaka huu, ndege wametuachia kiasi chetu, na jirani yako Mama Jillo bado yupo, mkali kama zamani, ingawa macho yamemwishia kabisa. Nakuandikia kwa sababu kuna neno nimelikalia tangu nikiwa na miaka tisa, na wiki hii limenishinda kulikalia.

Lakini ngoja nianze na mazuri. Wewe hukupenda mtu aingie nyumbani na habari mbaya kabla hajaketi.

Nakumbuka tulipokuwa tukiamia ndege wasile mpunga, wewe juu ya dungu, kile kichanja cha miti, na kombeo lako, mimi chini nagonga debe. Uliimba nyimbo za kanisani, na katikati ya ubeti ukiona kundi limeshuka uliingiza tusi la ndege, kisha ukaendelea na wimbo pale pale ulipoachia. Mpaka leo nikiwa kanisani wimbo ukifika mahali fulani mimi nacheka peke yangu, na mchungaji ananitazama. Mchana tulikula ndizi za kuchemsha na kambare wa kukausha. Akina mama wa Kiorma walikuja na maziwa kwenye vibuyu, maziwa yenye harufu ya moshi, wakaondoka na mchele. Wewe Kipokomo chako, wao Kiorma chao, mkakutana katikati kwa Kiswahili ambacho mwalimu wangu angekifuta chote.

Na walikuja kwa jambo jingine pia. Walikuja kuuliza mto.

Watoto wa siku hizi hawajui, kwa hiyo nieleze kama vile nawaeleza wao. Mto ulipoanza kuvimba na kugeuka rangi ya chai, jioni wewe ulishuka ukingoni ukachomeka kijiti pale maji yalipoishia. Asubuhi ulikwenda kukitazama. Kikiwa pakavu, tunalima. Kikiwa ndani ya maji hatua moja, tunangoja. Zikifika hatua tatu ulirudi nyumbani ukasema neno moja tu, "Fungeni," na kijiji kizima kikafunga mizigo kuelekea mwinukoni. Wengine nao walikuwa na vijiti vyao, lakini walikuja kutazama chako. Hata wachungaji wa ng'ombe walisimama nje ya ua wakauliza, "Mama, maji nasema nini leo?" Nami nilijiona mtoto wa mtu mkubwa.

Sasa neno lenyewe.

Mwaka ule baba alikuwa Mombasa kazini, na alikuwa ameahidi kuja Jumamosi. Alhamisi niliamka kabla yako kwenda kuchota maji. Nikakiona kijiti kimezungukwa na maji, hatua nne kamili kutoka ukingoni. Nilizihesabu mara mbili. Nikawaza kwa akili yangu ya miaka tisa: tukihamia mwinukoni, baba atashuka basi Garsen, atakuja mpaka hapa, atakuta nyumba tupu, atarudi Mombasa. Nikaingia majini, nikaking'oa kijiti, nikakichomeka upya pale maji yalipoishia. Nikachota maji, nikarudi kuwasha moto.

Ulikwenda, ukasimama pale muda mrefu. Nilikuwa nakutazama kutoka jikoni. Uliporudi ulisema, "Ajabu. Nimelala nikausikia kama unakuja." Kisha ukapita kwa Mama Jillo ukamwambia, "Tuko salama, dada. Twende tukalime."

Mama, ningeweza kusema wakati ule. Maji yalikuwa bado hayajaingia popote.

Yaliingia saa sita mchana. Watu tulitoka sote kwa mitumbwi, Mungu ashukuriwe, lakini mbegu ya mpunga ya kijiji kizima ilikuwa bado kwenye maghala, na ikaenda na mto. Mama Jillo alipoteza mbegu yote aliyoichagua suke kwa suke, na mbuzi watatu aliokuwa amewafunga nyuma ya nyumba. Aliwafunga kwa sababu wewe ulisema tuko salama.

Na baba je? Alikuja Jumamosi kama alivyoahidi. Alimwuliza mtu wa kwanza aliyekutana naye njiani, akaelekezwa, akatukuta chini ya turubai bila taabu yoyote. Aliposikia habari alicheka, akasema mbele ya watu, "Maritha, siku hizi unapima mto kwa macho ya nani?" Watu walikuwa wamechoka, wakapata cha kuwachekesha. Wewe pia ulicheka. Mimi nilikuwa nimejificha kwenye leso yako, na nilihisi tumbo lako halicheki.

Tangu hapo hukuchomeka kijiti tena. Maji yakipanda ulingoja kusikia wengine wanasema nini. Mama Jillo, aliyekuwa akikupitia kila alfajiri mwende shambani, alianza kupita njia ya nyuma. Mkibahatika kukutana ilikuwa "hujambo, sijambo," basi. Mlikuwa mmelima pamoja tangu mlipoolewa. Nilipokuwa msichana mkubwa nilikuuliza kwa nini hutazami mto tena, nikiwa najua. Ukanijibu, "Macho yangu yaliisha mapema, mwanangu." Nikaendelea kuosha sufuria. Niliogopa, na baada ya woga ikaja aibu, na aibu ikikaa mno inajenga nyumba.

Wahenga walisema majuto ni mjukuu. Yangu yameletwa na mjukuu kweli. Jumatatu binti yangu Neema, ambaye hukumwona, alipika wali ukawa uji. Alifunua sufuria, akacheka, akasema, "Lo, leo nimepimia kijiti cha Maritha." Nikamwuliza Maritha ni nani. Akasema hajui, ni msemo tu, shuleni wote wanausema. Mwanafunzi akikosea hesabu, kijiti cha Maritha. Fundi akikata mbao fupi, kijiti cha Maritha.

Huyo mtoto ana pua yako, mama, na anakucheka bila kujua ni wewe. Kwa sababu hapa nyumbani wewe ni Bibi tu, na jina lako mimi sikulitaja mbele yake hata siku moja. Nililiacha huko nje lifanywe watakavyo.

Wali ule sikuula.

Jana tulikuwa kwa Mama Jillo, akina mama kumi na tatu, tunapura mpunga. Neema alikuwepo. Nikaweka fimbo chini, nikasema yote, kuanzia hatua nne mpaka turubai. Nilisema nikiwa nimesimama, kwa sababu ningekaa ningelia. Nikasema, kijiti cha Maritha hakikudanganya, nilidanganya mimi. Hakuna aliyecheka. Neema alinitazama, akatazama chini, akaniuliza polepole, "Maritha ni Bibi?" Nikamwambia ndiyo.

Mama Jillo alipapasa mkeka, akausogeza mpunga wake kando. Kisha akasema, "Ulikuwa mtoto. Mimi nilikuwa mtu mzima." Nikaanza kumwomba radhi, akanikatiza kwa mkono. "Wewe na mimi tutaongea siku nyingine. Maritha nilimpita njiani miaka yote ile akiwa na mzigo kichwani, hata sikumwambia pole alipofiwa na mumewe. Nipeleke kwake."

Nisamehe, mama. Macho yako yalikuwa mazima. Uliusikia mto unakuja, na ulikuwa unakuja.

Kesho asubuhi, kabla jua halijakuwa kali, nitamleta. Atakuja ameshika bega la Neema, na mwinuko huo tulikokuzika utamchosha, kwa hiyo msikilize hata akianza kwa kunung'unika. Hataki kuniambia ana nini cha kukuambia. Nitamkalisha karibu nawe, kisha mimi na Neema tutasogea kando, tuwaache muongee yenu.

Kitinda mimba wako.