Kompyuta ya Simbani

Jumatatu, 3 Februari. Homa Bay

Sura ya hali ya hewa tena, kwenye simu, nyuma ya kaunta ya duka la dawa. Ramani ya upepo haitoshei kwenye kioo. Nikiikuza naona Uganda peke yake. Nikiipunguza sioni kitu. Macho yamewaka hadi mteja akaniuliza nalilia nini. Nimesema vitunguu. Kwenye duka la dawa! Mjinga mimi.

Nimewauliza wa chuo kama lazima niwe na kompyuta nyumbani ndipo nimalize nadharia ya urubani. Wamejibu: si lazima, ila inasaidia. Jibu la mwanasiasa.

Naandika Kiswahili kwa sababu Mama akikuta Dholuo atasoma mpaka mwisho.

Jumamosi, 8 Februari. Rusinga

Pacha wangu Odongo amemaliza ubishi. Ametoka Awendo, anakopima miwa kiwandani, na kompyuta ya mtumba ndani ya gunia la sukari. Kuukuu, inanguruma. Ameiweka kwenye simba yake, kile kijumba cha kijana ambaye hajaoa, maana ndiko alikovuta stima.

Pacha wangu hajui lolote kuhusu ndege. Anaketi kitandani na simu yangu, ananisomea maswali. Mimi niko kwenye kiti, ramani nzima iko mbele yangu. Hatimaye naona upepo unakotoka. Maneno anayaua. Lile wingu la radi, cumulonimbus, analiita "kumulo-mama-nani". Nikipata anapiga kelele, "Ndege imetua!" Nikikosa, "Tumeanguka ziwani!"

Baba alikuwa nje akishona nyavu. Kuingia haingii, baba Mjaluo hakanyagi simba ya mwanawe. Hata kucheka hakucheka. Baba si mtu wa maneno.

Jumamosi, 15 Machi. Rusinga

Kila Jumamosi tunakutana hapa sasa. Leo tumetua zaidi ya kuanguka. Mtihani ni mwezi wa tano. Nikiukosa naanza kozi upya, na najijua, sitaanza upya. Odongo anasema siku nitakayorusha ndege nipite juu ya Awendo, atanipungia na muwa.

Alhamisi, 20 Machi

Odongo amekufa.

Lori la miwa lilikuwa limekwama barabarani bila taa. Yeye alikuwa kwa pikipiki.

Siwezi.

Jumapili, 23 Machi. Rusinga

Mimi ni Apiyo, niliyetangulia kuzaliwa. Yeye ni Odongo, aliyefuata. Maisha yote amenifuata, ila kwa hili ametangulia. Nimemkasirikia. Watu wanakuja kuniambia nijikaze. Sitaki kujikaza.

Jumapili, 30 Machi. Rusinga

Tumemzika jana.

Kwenye mkesha vijana walitoa kompyuta simbani, wakaiunganisha na jenereta ya spika ili wapige nyimbo zake. Huku kijana huagwa kwa muziki mpaka kukuche. Jenereta ikarusha moto, moshi ukatoka. Kompyuta imeungua kabisa. Ramani, majaribio, kila kitu.

Nilitaka kuwafokea. Kisha nikaambiwa Mama ndiye aliyewaruhusu. Alitaka nyumba ijae nyimbo za mwanawe mara moja zaidi. Sasa nimlaumu vipi?

Nimelia mbele ya ile mashine kuliko nilivyolia kaburini. Nimeona aibu.

Jumatatu, 14 Aprili. Homa Bay

Chuo wanasema wengi wamefaulu kwa simu tupu. Sawa. Lakini nikijisomea swali mwenyewe nalisoma sawasawa, hakuna wa kuliharibu, na hapo hapo nasahau nilichoulizwa. Tangu mazishi sijamaliza hata sura moja.

Nimeandika ujumbe wa kujiondoa kwenye kozi. Sijautuma. Nimempigia Mama, nikamwambia yamekwisha. Akasema nije nyumbani Jumamosi nichukue vitabu vyangu simbani.

Jumamosi, 19 Aprili. Rusinga

Nilikuja kwa vitabu tu. Ujumbe ulikuwa tayari kwenye simu.

Simbani kila kitu kiko alipokiacha. Kitanda kitupu. Nikaketi kwenye kiti changu, mbele ya kioo kilichoungua. Sijui kwa nini niliketi.

Baba akaja na kigoda. Hakuingia. Akakiweka nje kando ya mlango, akaketi, akanyoosha mkono ndani. Nikadhani anataka maji. Alitaka simu.

Akavaa miwani. Akasoma swali la kwanza kwa Kiingereza chake cha kanisani, polepole, kidole kwenye kila neno. Kwenye lile wingu akakwama. Akajaribu, akaacha, kisha akasema, "Kumulo-mama-nani."

Sikumbuki nilijibu nini. Nilikosa. Kuku walikuwa wakiparua uani.

"Binti yangu," akasema, "tumeanguka ziwani."

Kumbe alikuwa akisikia. Jumamosi zote zile, na nyavu mapajani, alikuwa akisikia. Nililia. Naye nilimsikia akilia, kila mtu na upande wake wa ukuta. Baadaye akapenga kamasi na kusoma swali la pili.

Ramani nimezichora upya kwa penseli, kubwa, kwenye karatasi za kalenda ya mwaka jana, nikazibandika juu ya kile kioo. Ujumbe nimeufuta. Tumesoma mpaka mwanga ukamshinda.

"Ndege imetua" ametamka mara mbili, kwa sauti ya chini, kama mtu anayeogopa kuamsha mtoto. Amesema kigoda ni kigumu, nikija tena nimletee mto.