Mabrouk Kificho na Pweza Wake

Mwaka umeshatimia, Mabrouk, tangu Ijumaa ile ulipotutoka, na hapa Jang'ombe mtu akianza kuusimulia mchana wako wa Mnazi Mmoja bado huinuka kwenye kiti. Leo tunausimulia sisi, mbele ya watu wote, nawe ukiwepo ungetukatiza kila baada ya maneno mawili.

Ulikuwa seremala, na jioni ulikuwa kipa wa timu ya mtaa. Ulipiga randa huku ukiimba. Kitanda cha bi harusi hakikutoka karakanani mpaka umekilalia mwenyewe kukijaribu, na mara nyingi mteja alikuja akakukuta umepitiwa na usingizi, gazeti usoni.

Mwaka 1967 msumeno wa mashine ulikukata vidole viwili vya mkono wa kulia, cha shahada na cha kati. Jeraha lilipona, lakini mkono ukautia mfukoni mwa kanzu, usiutoe tena. Hukumpa mtu mkono. Ulianza kula peke yako chumbani, ili tusione wali unavyokuponyoka. Jezi ukampa mdogo wako Machano, na karakana ukaifunga. Nyumba nzima ilinyamaza.

Mimi mkeo, Mwatima, nikakuchukua tukenda kwa mama yangu, Bi Duni, Jambiani. Siku ya pili mama alirudi kutoka kuvua pweza maji yalipokupwa. Mmoja alikuwa bado mzima, ndani ya ndoo ya maji ya bahari. Ukainama kumtazama.

"Mama, huyu mbona mnyiri wake mmoja, mkono huu, mfupi?"

"Huo uliliwa na samaki mkunga," alikujibu. "Si unauona? Unaota mwengine."

"Unaota?"

"Unaota, mwanangu. Na wala hakungoja uote. Kanisumbua kule tunduni kwa hii saba mpaka mgongo unaniuma."

"Kwa hii saba," ulisema polepole. Kisha mkono wako wa kulia ukatoka mfukoni, mbele ya watu, ukaingia ndani ya ndoo. Ukaondoka na pweza wetu amekuzonga mpaka kwenye kiwiko, suruali yako ya Idi ikiburuzika majini.

"Weye! Unakwenda naye wapi? Hicho kitoweo!"

"Nnamrejesha, Mama!"

"Mwatima! Mumeo kapatwa na nini?"

Ulirudi umelowa chapachapa, ngozi imejaa alama za mviringo, unacheka kicheko ambacho hatukukisikia mwaka mzima. "Tizama alivyonishika! Nimemweka majini naye hataki kuniachia!" Siku ile tulikula wali kwa mchuzi mtupu, nawe ulikula nasi kwenye sinia moja. Wali ulikuponyoka, ukauokota, ukaendelea na hadithi.

Tuliporudi mjini ukamchora juu ya mlango wa karakana kwa rangi nyekundu, mnyiri mmoja mfupi. Kila asubuhi, kabla hujafungua, ulisimama chini yake na kikombe cha kahawa, ukajiuliza kwa sauti, "Haya, leo kwa vipi?" Ulikuwa unauliza vidole vyako: kazi ya leo ataishika nani? Patasi ukaifunza kukaa baina ya gumba na vidole viwili vya mwisho. Nyundo ukaihamishia kushoto. Uliharibu mbao nyingi, ukatukana kidogo, ukaimba tena.

Sheikh Abrahman, jirani yetu, hakupendezwa. "Mabrouk, umeanza kumwabudu samaki?"

"Hasha, Sheikh! Mola ndiye aliyemuumba. Mimi nnamtazama tu, napata hamu ya kufanya kazi."

Sheikh aliguna akenda zake. Asubuhi nyengine tukamwona mwenyewe, na goti lake bovu, amesimama chini ya mlango na kikombe chake, kando yako.

Halafu ukaja mchezo wa mwaka 1969, sisi na vijana wa Mji Mkongwe. Ee Mabrouk! Kiwanja cha Mnazi Mmoja kilijaa mpaka watu wamepanda miti. Tunaongoza goli moja, muda unakaribia kwisha, Machano akaruka, akaanguka vibaya, bega likateguka. Kipa mwengine hatuna. Nahodha Hamad akakimbilia kwenye watu, akakuvua kofia.

"Mabrouk, jezi hii hapa."

"Hamad, mkono huu?"

"Huo huo. Vaa!"

Ukavaa. Hujapasha hata misuli, wakapewa penalti. Kutoka upande wao mtu mmoja akapiga kelele, "Mpigie kulia kwake! Hana vidole!" Tulisikia wote, nawe ulisikia. Ukautazama mkono wako, ukaufungua, ukacheka. Tulikuona! Ulikipata wapi kichwa cha kucheka wakati ule?

Mpira ulikuja kulia, chini, mkali. Ulijirusha mzima mzima. Ukagonga kiganja, ukagonga nguzo ya goli, ukatoka nje! Bi Duni, aliyepanda gari la shamba tangu alfajiri kuja kutazama, alipiga vigelegele mpaka sauti ikamkauka. "Mkwe wangu huyo! Mkwe wangu!" Ulipobebwa juu, mkono uliouinua kuwapungia watu ulikuwa ule ule.

Tangu hapo watoto wa mtaa walikwita Pweza. "Shikamoo Pweza!" Nawe, kwa heshima zote, "Marahaba!" Bi Time, aliyefiwa na mumewe, alikuja asubuhi moja kusimama mlangoni nawe, kisha akaenda kufungua jiko la maandazi alilolifunga. Ulimtengenezea meza ya kuuzia, nzuri kuliko yetu.

Homa ilikuchukua kwa siku chache tu. Hata kitandani ulikuwa ukimpangia Machano kazi.

Lipo moja uliondoka hulijui. Hata mimi nilikuwa silijui. Nilijua nikiwa katika eda. Mabrouk, una mtoto wa kike. Jina lake Wanu. Akiona njaa, nyumba ya tatu wanajua. Juzi mama yangu alimwekea kofia ya Machano kichwani, ikamfunika mpaka kidevuni. Mara chini ya kofia likatoka cheko kubwa, la kwanza maishani mwake, la kifua kizima. Machano alikuwa mlangoni na ubao begani. Akautua chini.

"Mabrouk huyo," alisema.

Tunaokukumbuka ni mkeo Mwatima, binti yako Wanu, mdogo wako Machano, mama mkwe wako Bi Duni, na jirani zako wote wa Jang'ombe. Mwenyezi Mungu akulaze pema. Hutotutoka moyoni, Mabrouk, wala mdomoni.