Ua Nyeupe Kwa Kioo

Kui, wacha chenye unafanya usome hii!

Unajua ile ufa iko kwa kioo ya mbele ya gari yangu? Fundi wa Ngara alisema nibadilishe kioo yote, na pesa sina. Nikanunua riboni, nikafunga ua kubwa nyeupe hapo juu ya ufa. Polisi gani atasimamisha gari ya harusi?

Na kweli, pale Hurlingham polisi alinipigia saluti. SALUTI, Kui!

Kumbe nyuma yangu kuna msafara wa harusi ya ukweli. Wakaona ua yangu, wakadhani ndio mimi naongoza. Na mimi naenda zangu Dagoretti kununua matumbo! Wamenifuata WOTE, magari tisa, honi juu, mpaka kwa soko ya mbuzi.

Bwana harusi ameshuka na suti: "Madam, reception ni hapa?"

HAPA, Kui! Na mbuzi zinalia!

Nimekiri kila kitu, nikatoa ua nikawaonyesha ufa, nikangoja matusi. Bibi harusi amecheka mpaka machozi, akasema, "Rudisha hiyo ua, utuongoze mpaka reception. Sisi hatujui njia."

Sai magari tisa na bibi harusi wananingoja nipimiwe matumbo.