Ile Nusu Nyeupe ya Picha

Zuhura mjukuu wangu,

Shikamoo yako imenifikia, marahaba. Huku kusini, mtaani Berea, hatujambo. Goti la bibi yako limepoa, ila baridi imeanza kutuonea.

Umeuliza ile picha ya milima uliyoiona ukutani tulipopigiana video, mbona nusu yake ni karatasi tupu.

Ujanani nilikuwa natengeneza fremu kwenye karakana moja ya mtaa wa jirani, Doornfontein. Akaja mzee wa Kichina na picha hiyo ya wino mweusi. Chini yuko mtu mdogo mwenye fimbo, anapanda njia. Njia inakatika, halafu inaonekana tena juu kabisa, mlangoni mwa nyumba. Katikati hakuna kitu. Nikasema moyoni, huyu ananitega, kesho atadai nimemfutia mlima. Nikaandika kwenye risiti, "Imeletwa ikiwa tupu katikati," nikamtaka atie sahihi.

Alitia huku akicheka. "Huo ni ukungu," akasema. "Huyo mtu anafika."

Hakurudi kuichukua. Nikaitundika, nikawa naitazama kwa jicho la pembeni. Siku moja nikakumbuka kwamba kutoka Tanga mpaka hapa, kuna kipande cha safari ambacho hata mama yangu sikumsimulia. Aliniona nikiondoka, kisha akasikia nimefika.

Basi nawe itazame hivyo.

Ila risiti bado nimeibandika nyuma ya fremu. Mzee yule akitokea, nitamwonyesha sahihi yake.

Babu yako